Saa ya Fedha ya Babu: Isome Kabla ya Kuisugua

Kama nyumbani kwenu kuna saa ya mfukoni ya fedha, ile nzito inayojaa kiganja, yenye uso mweupe na nambari za Kirumi, nakusihi usiitie ufunguo leo. Najua mkono unawasha. Kila anayeikuta saa kama hiyo ndani ya sanduku la marehemu hutaka kwanza kusikia kama bado inalia. Subiri. Saa iliyokaa miaka thelathini bila kufanya kazi ina mafuta yaliyoganda kama utomvu katika kila tundu, na ukiilazimisha, kitakachokatika ndani yake hutakipata soko la Daraja Mbili wala Nairobi.

Nawaandikia ndugu zangu wa Kisii na Nyamira kwa sababu saa hizi hutufikia wakati mbaya. Mzee amezikwa, vitu vyake vinagawanywa. Shamba litajadiliwa wiki nzima, lakini saa itaamuliwa kwa dakika moja: achukue mjukuu, achezee mtoto, au auziwe mtu wa mizani. Nimeiona saa ya Kiingereza, kazi ya mikono ya watu wengi, ikipimwa kwa gramu kwenye veranda ya duka. Kasha lake liling'olewa kwa bisibisi, mashine ikatupwa ndani ya debe pamoja na betri zilizokufa na mikanda iliyokatika. Aliyeiuza hakuwa mjinga. Hakuna aliyemwambia alikuwa ameshika nini.

Ilifikaje huku? Waingereza walijenga boma lao la Kisii mwaka 1907 mahali wenyeji walipopaita Getembe, pakaja kuitwa pia Bosongo, yaani kwa wazungu. Wakatoliki walifika Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakajenga Nyanchwa muda mfupi baadaye. Upande wa mashariki kukawa na walowezi wa Sotik na mashamba ya chai ya Kericho, ambako Wagusii wengi walikwenda kutafuta mshahara. Vikapita vita viwili vya dunia. Miaka ya 1960 mashamba ya walowezi huko Borabu yakagawanywa kuwa makazi ya wananchi. Katika kila hatua hiyo saa iliweza kubadilisha mfuko: zawadi ya padri kwa katekista, malipo ya mwajiri aliyekuwa akirudi kwao, ununuzi wa askari mwenye mshahara wa kwanza. Kwa hiyo usishangae kuikuta Manga au Kebirigo. Ila usiamini kila hadithi inayokuja nayo. Saa yenyewe ina namna ya kusema umri wake.

Chagua saa nne asubuhi, kabla mvua ya alasiri haijajikusanya. Keti karibu na mlango penye mwanga, utandaze kitambaa cheupe mezani ili kipande kikidondoka kionekane. Nawa mikono, ikauke kabisa. Kuwa na lenzi. Kama huna, kamera ya simu ikikuzwa inatosha kwa kazi ya leo.

Anza na mgongo. Kwenye shingo ya saa, pale pete ya kutilia mkufu ilipo, kuna kitufe. Kibonyeze, kifuniko cha nyuma kitainuka. Kikikataa, usitumie kisu. Tafuta kijipengo pembeni ukiinue kwa ukucha wa kidole gumba. Chini yake kuna kifuniko cha pili chenye tundu. Hapo ndipo ufunguo huingia. Kama hakuna tundu lolote na saa inatiwa kamani kwa kuzungusha kishikio cha juu, basi ni ya baadaye, na huenda si ya Kiingereza kabisa.

Sasa igeuze, ufungue kioo cha mbele kwa ukucha. Tazama ukingo wa uso mweupe, pale penye VI. Katika saa nyingi za Kiingereza utaona kijichuma kidogo kama ncha ya ulimi. Kisukume kwa ndani, taratibu, na mashine nzima itainuka kutoka kwenye kasha kama mlango, ikining'inia kwenye bawaba iliyo penye XII. Usiiachie ijipigize. Huenda ukakuta kofia ya shaba iliyofunika mashine, imezuiwa na komeo la chuma cha buluu lenye umbo la mwezi mchanga. Lisogeze komeo, kofia itoke.

Ukifika hapo, pumzika kidogo utazame. Bati la shaba iliyopakwa dhahabu, bado linang'aa kwa sababu halijaona moshi miaka mia. Juu yake kuna daraja dogo lililochongwa maua na majani kwa mkono, si kwa mhuri, na chini ya daraja hilo gurudumu linaloyumba huku na huku. Katikati ya daraja mara nyingi kuna kijiwe kinachometa. Skurubu zimepashwa moto hadi zikawa buluu. Utaona jina la mtu, jina la mji na nambari. Piga picha ya kila kitu kabla hujafanya lolote, kisha uirudishe kofia, urudishe mashine, ufunge.

Kati ya mabati mawili, ukichungulia kwa ubavu, utaona jambo ambalo kwangu mimi ndilo linaloifanya saa hii isistahili kuyeyushwa. Kuna pipa la duara lenye kamani ndani yake, na kando ya pipa kuna kitu chenye umbo la pia, kimechongwa mfuo unaopanda kwa mzunguko kutoka penye upana hadi penye wembamba. Viwili hivyo vimeunganishwa kwa mnyororo. Ndiyo, mnyororo kama wa baiskeli, viungo vyake vimepigwa pini kimoja kimoja, ila ni mwembamba kama uzi wa kushonea gunia. Kamani ikiwa imejaa huvuta kwa nguvu, ikikaribia kuisha huvuta kwa unyonge. Saa ikiachwa hivyo ingekimbia asubuhi na kujikokota usiku. Kwa hiyo kamani ikiwa na nguvu, mnyororo huvuta pia penye wembamba. Ikidhoofika, huvuta penye upana. Fundi wa pikipiki anaijua kanuni hii: nati ikiwa ngumu, unatafuta spana ndefu. Pia hiyo inaipa kamani iliyochoka spana ndefu.

Minyororo mingi ya aina hiyo ilitoka Christchurch, mji wa kusini mwa Uingereza, ambako kazi hiyo ilianza karibu na mwaka 1790. Waliounga viungo vyake walikuwa wanawake na wasichana, wakiwemo wasichana wa nyumba za maskini. Mashine mbichi zilifanyizwa Prescot, karibu na Liverpool. Ziliendelea hadi Clerkenwell katika London au hadi Coventry, ambako mmoja alichonga meno, mwingine alitoboa vijiwe, mwingine alipaka na kuchoma uso mweupe, mwingine akafua kasha la fedha. Hivyo jina unalolisoma kwenye mashine au usoni mara nyingi ni la mwenye duka tu.

Aliyewahi kufika Tabaka atanielewa bila shida. Jiwe la sabuni huchimbwa na mmoja, huchongwa na mwingine, na akina mama hulisugua kwa msasa na maji hadi lilainike. Mwingine hutia rangi na nakshi. Bakuli likifika dukani Nairobi au Ulaya, linabeba jina la mfanyabiashara. Ukiijua Tabaka, umeshajua namna Coventry ilivyofanya kazi. Na sababu iliyowaangusha mafundi hao wa Uingereza ni ileile inayowatisha wachongaji wetu: Wamarekani na Waswisi walileta mashine zilizotoa vipande vinavyofanana, vya bei nafuu, na kazi ya mkono ikashindwa sokoni ingawa haikushindwa kwa ubora.

Kusoma mihuri

Rudi kwenye kasha. Ndani ya kifuniko cha nyuma kuna mihuri midogo iliyogongwa kwenye fedha, kila mmoja mkubwa kama punje ya ulezi. Hii si nakshi. Sheria ya Uingereza iliwalazimu wafua fedha wapeleke kazi yao ikapimwe kabla ya kuuzwa, na mihuri ndiyo cheti.

Tafuta kwanza simba anayetembea, ameinua mguu mmoja wa mbele. Huyo anathibitisha kwamba sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha halisi. Kisha tafuta alama ya mji. Kichwa cha chui ni London. Nanga ni Birmingham. Upanga uliozungukwa na miganda mitatu ya ngano ni Chester. Makasha ya saa za Coventry yalipelekwa sana Birmingham na Chester, kwa hiyo usishangae mashine ikisema mji mmoja na kasha likisema mwingine. Herufi mbili au tatu za jina ni za aliyefua kasha au mwenye karakana.

Inabaki herufi moja peke yake ndani ya ngao. Hiyo ndiyo herufi ya mwaka, na hapo watu wengi hukosea kwa haraka. Kila mji ulikuwa na mpangilio wake. London ilitumia herufi 20 tu, kutoka A hadi U bila J, kisha ikaanza upya kwa mwandiko mwingine: A kubwa mwaka 1876, a ndogo mwaka 1896, na kadhalika. Ukiona W na kichwa cha chui pamoja, kuna jambo haliko sawa. Birmingham ilitumia herufi 25: a ndogo ilikuwa 1900, na ilipofika 1925 ikaanza A nyingine. Kwa hiyo linganisha mambo matatu kwa pamoja, yaani mji, umbo la herufi na umbo la ngao, kabla ya kutaja mwaka. Majedwali yake yamo mtandaoni bila malipo.

Nikupe mfano wa faida yake. Septemba 12, 1914, Wajerumani waliovuka kutoka upande wa kusini walipigana na Waingereza hapa Kisii, na katika vurugu zilizofuata ofisi, maduka ya Wahindi na misheni ziliporwa. Ni tukio kubwa katika kumbukumbu zetu, kwa hiyo ni rahisi saa yoyote ya zamani kubandikwa hadithi kwamba ilitoka vitani siku hiyo. Tuseme kasha lina nanga, simba, na p ndogo. Katika mfululizo ule ulioanza 1900, p ni 1914. Lakini Birmingham ilibadilisha herufi yake katikati ya mwaka, si Januari. P hiyo ilianza Julai 1914 na kuendelea hadi katikati ya 1915. Kasha lipigwe muhuri Birmingham mwezi Julai, litiwe mashine, liuzwe, livuke bahari, lipande reli hadi Kisumu na kuwa mfukoni mwa mtu Kisii kabla ya Septemba 12? Sidhani. Hadithi hiyo haisimami, na mwenye saa ni heri ajue hivyo kuliko kuirithisha kwa watoto. Herufi ikiwa ya mwaka wa nyuma zaidi, hadithi inawezekana, lakini kuwezekana hakuthibitishi kitu.

Tena herufi ya mwaka inahusu kasha peke yake. Linganisha nambari iliyochongwa kwenye mashine na nambari iliyogongwa ndani ya kasha. Zikilingana, viwili hivyo vimekuwa pamoja tangu mwanzo. Zisipolingana, huenda mashine imehamishwa kasha wakati fulani.

Ikiwa si ya Kiingereza

Saa nyingi zinazoitwa za Kiingereza si za Kiingereza, na hili halipaswi kumhuzunisha mtu. Ukiona 0.935 na dubu watatu, fedha hiyo ni ya Uswisi. Ukiona 0.800, vilevile si ya Uingereza. Kuanzia mwaka 1907 makasha ya kigeni yaliyoingizwa Uingereza yaligongwa alama za peke yake, bila simba. Birmingham ilitumia pembetatu pamoja na .925. Maneno kama Silveroid au Silverine yanasikika kama fedha, lakini ndani yake hamna hata chembe: ni mchanganyiko wa metali nyingine.

Kuna kipimo kingine kinachohitaji sikio, kwa saa ambayo tayari inatembea. Mashine nyingi za Kiingereza za ufunguo hupiga mara 4 kwa sekunde, ilhali za Uswisi na Marekani kwa kawaida hupiga mara 5. Rekodi mlio kwa simu sekunde 15, uucheze polepole, uhesabu: 60 au 75. Mlio wa Kiingereza ni mzito na wa taratibu, kama hatua za mzee mwenye bakora.

Na saa ya babu aliyekuwa askari wa King's African Rifles katika Vita vya Pili? Geuza mgongo. Ukiona mshale mpana na herufi G.S.T.P. juu ya nambari, ni saa ya jeshi la Uingereza iliyotengenezwa Uswisi, kasha lake si fedha. Kwa wanunuzi wa fedha haina thamani. Kwa familia, na kwa wakusanyaji wa vitu vya vita, ina thamani sana. Lakini sikiliza onyo hili: nambari au akrabu zikiwa na rangi nene iliyogeuka kahawia, iliyokusudiwa kung'aa gizani, kuna uwezekano mkubwa ni radiamu. Usifungue kioo, usiikwangue, usimpe mtoto. Iache imefungwa.

Ufunguo na fundi

Ukiisha kuijua, tafuta fundi kabla ya kuitia kamani. Mafundi wa saa bado wapo mijini kwetu, wamekaa vibarazani na lenzi jichoni, na wengi ni hodari kwa saa za betri na za mkononi. Saa ya mnyororo ni shule nyingine. Muulize maswali mawili kwa heshima. La kwanza: umewahi kufungua saa yenye mnyororo na pia? La pili: utaiachiaje kamani kabla ya kutoa bati la juu? Anayejua atakueleza mara moja, kwa sababu bati likitolewa kamani ikiwa bado imejaa, mnyororo hukatika na meno ya magurudumu huvunjika kwa mpigo mmoja. Akisita, mshukuru uondoke na saa yako. Akisema atakutilia mashine ya betri ndani ya kasha hilo, ondoka haraka zaidi.

Kazi yenyewe ni kufungua kila kipande, kuosha, kukausha na kutia tone dogo la mafuta ya saa kwenye kila tundu linalostahili. Si mafuta ya cherehani, si ya kupikia, si mafuta taa. Nilimwachia fundi mmoja saa ya familia yetu. Aliitumbukiza nzima ndani ya mafuta taa, akaniambia imepona. Ilitembea siku tisa. Vumbi lote lililoyeyuka lilikuwa limeingia kwenye matundu, na ilibidi kazi ianzwe upya na mtu mwingine, safari hii kwa gharama kubwa zaidi. Omba urudishiwe kila kipande kilichobadilishwa, na piga picha mbele yake kabla hujamkabidhi.

Saa ikisharudi, itie ufunguo mara moja kwa siku, saa ileile, ikiwezekana asubuhi. Ufunguo lazima ukae barabara. Funguo za saa zina ukubwa tofauti, na uliolegea husaga pembe za mhimili. Shika saa kwa utulivu kiganjani na uzungushe ufunguo, usizungushe saa. Baadhi huzungushwa kulia, nyingine kushoto. Jaribu kwa wepesi: upande sahihi unatoa sauti ya kukwaruza yenye mpangilio, upande mwingine unakataa. Unapokataa, usibishane nao. Ukifika mwisho utahisi umekaza, simama hapo.

Kuna mtu wa Afrika Mashariki aliyejifunza kuituliza saa kiganjani kwa huzuni. Aprili 30, 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia, mmisionari David Livingstone alikuwa hajiwezi. Alimwambia mtumishi wake Susi amletee saa yake, akamwonyesha namna ya kuishika juu ya kiganja, ili yeye mgonjwa apate kuzungusha ufunguo polepole. Alfajiri yake wasaidizi wake walimkuta amefariki. Jacob Wainwright, mwenzake Susi, alipoandika orodha ya mali ya marehemu, saa ilikuwamo. Kila ninapoitia ufunguo saa yetu namkumbuka Susi na kiganja kile kilichotulia. Hivyo ndivyo inavyoshikwa.

Kurekebisha wakati, fungua kioo, utie ufunguo kwenye pembe nne ndogo zilizo katikati ya akrabu, uzungushe mbele. Usisukume akrabu kwa kidole. Kumbuka uso huo ulitengenezwa na watu wanaohesabu kutoka usiku wa manane. Sisi tunahesabu kutoka mapambazuko, na penye VI tunasoma saa kumi na mbili. Huku kwetu, chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, jua halibadilishi sana wakati wake wa kuzama, na wazee wa Kiadventista walioanza Sabato Ijumaa jioni waliweza kuilinganisha saa na jua bila redio. Wewe tumia simu. Ikikosea dakika mbili tatu kwa siku, ni nzima. Ikianza ghafla kukimbia sana, huenda imeingiwa na sumaku: iweke mbali na spika, na usiilaze juu ya kifuniko cha simu chenye sumaku.

Namna ya kuitunza nitaisema kwa ufupi kwa sababu nyingi yake ni kujizuia. Usiisugue kwa majivu, kwa dawa ya meno wala kwa stiliwaya. Weusi wa fedha hauili kasha. Kusugua ndiko kunakolila, na mihuri ndiyo hufutika kwanza. Simba akifutika, umefuta cheti. Futa kwa fulana kuukuu ya pamba, kavu, basi. Usiifunge kwa mpira wala kuivingirisha ndani ya sufu, vyote huifanya fedha iwe nyeusi, na usiitundike jikoni penye moshi. Adui mkubwa zaidi hapa kwetu ni unyevu. Milima hii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na mnyororo, kamani na skurubu ni chuma. Mkebe wenye kifuniko kinachobana, kitambaa cha pamba, na vile vijifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya vitaiweka salama. Vijifuko hivyo vikichoka, weka vingine.

Ukilazimika kuuza

Sitamlaumu mtu anayeuza ili alipe karo. Lakini ajue sakafu ya bei. Pima kasha peke yake, bila mashine na bila kioo, kwa gramu. Zidisha kwa 0.925, gawanya kwa 31.1, upate aunsi za fedha safi. Kisha zidisha kwa bei ya aunsi ya siku hiyo, ambayo hutangazwa kote duniani. Kasha la gramu 60 lina aunsi 1.78 hivi. Hiyo ni bei ya chuma kilichoyeyushwa, na chini yake mtu anakuibia. Saa kamili, yenye nambari zinazolingana, mihuri inayosomeka, uso usio na ufa na mashine inayotembea, inastahili kuanzia juu ya hapo, kwa mnunuzi anayenunua saa. Akija mtu akikunong'oneza kwamba ndani yake kuna zebaki nyekundu ya mamilioni, mwambie akuonyeshe mlango alioingilia. Hamna kitu hicho ndani ya saa.

Kuipeleka nje ya nchi ni jambo jingine. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inavihesabu kuwa vitu vya kale vile vilivyotengenezwa nchini au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na vitu hivyo havitoki bila kibali. Saa nyingi za kwetu ziliingia baada ya hapo, hata kama kasha lina muhuri wa 1870, maana mwaka wa muhuri si mwaka wa kufika. Hata hivyo uliza Makavazi ya Kitaifa kabla ya kuituma. Kuna makavazi yao Kisumu, si mbali.

Kazi ya mwisho haihitaji fundi wala lenzi. Chukua karatasi, uandike nambari ya mashine, mihuri, jina lililo usoni, na mwaka uliousoma. Kisha mwendee magokoro, yaani nyanya, au mzee yeyote aliyemjua mwenye saa, uketi naye. Muulize ilipatikana wapi, nani aliibeba kanisani, nani aliiweka sandukuni na lini iliacha kulia. Andika maneno yake kama anavyoyasema, hata yakipingana na muhuri. Utaeleza tofauti hiyo chini yake. Kunja karatasi, iweke ndani ya mkebe pamoja na saa na ufunguo wake. Nenda wiki hii, angali anakumbuka.